Maswali Yenu: Ghala lina unga, watu wana njaa

SWALI: Nimesoma kuwa vita vya Wadakota, wenyeji asilia wa Minnesota, mwaka 1862 vilichochewa na fedha za serikali ya Marekani kuchelewa. Lakini chakula kilikuwepo ghalani. Wakala wa serikali aliyewasimamia alishindwaje kukigawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kilichomfunga mikono ni utaratibu wa ofisi. Kwa mikataba ya 1851 Wadakota waliachia ardhi kubwa, wakaahidiwa malipo ya kila mwaka. Fedha ziliidhinishwa na Bunge, zikatolewa na Hazina, zikapitia kwa msimamizi wa St. Paul, ndipo zikamfikia wakala Thomas Galbraith.

Desturi ya kituo cha wakala ilikuwa kugawa fedha na chakula kwa pamoja. Karani huita mkuu wa kaya kutoka kwenye orodha, huhesabu wanaume, wanawake na watoto, kisha mpokeaji huweka alama ya X mbele ya shahidi. Kuwakusanya maelfu ya watu na kurudia zoezi hilo mara mbili kulionekana usumbufu. Tena wakala aliwekewa dhamana: stakabadhi isiyo na shahidi ingeweza kukataliwa na wakaguzi wa Hazina, na deni likamwangukia yeye na wadhamini wake.

Mwaka ule haukuruhusu subira. Mahindi ya 1861 yaliharibiwa na viwavi, na malipo yaliyozoeleka mwanzo wa kiangazi hayakuja. Bunge, likiwa limezama katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, liliidhinisha fedha Julai, kisha Washington ikabishania kama zilipwe kwa dhahabu au kwa noti mpya, ambazo thamani yake ilikuwa ikishuka. Wakala alikuwa na vituo viwili, cha juu na cha chini. Agosti 4 Wadakota wa kituo cha juu walivunja ghala, na Galbraith akakubali kutoa sehemu ya akiba. Wa kituo cha chini hawakupata kitu. Dhahabu ya dola 71,000 ilifika Fort Ridgely, ngome ya jeshi, Agosti 18, siku ileile kituo cha chini kilipovamiwa.

Hata hivyo, tusiubebeshe ucheleweshaji lawama yote. Wafanyabiashara walikaa kando ya meza ya malipo na madaftari yao, wakikata madeni ambayo mdaiwa hakuweza kuyasoma wala kuyapinga. Kiangazi hicho wakafunga na mkopo. Hata fedha zingewahi, sehemu kubwa isingefika mfukoni mwa familia.

SWALI: Wakala mwenyewe alilipwa kiasi gani? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Sheria ya 1834 iliweka dola 1,500 kwa mwaka. Kazi hiyo mara nyingi ilitolewa kama shukrani ya chama kwa mfuasi wake, na asiye mwaminifu alikuwa na njia nyepesi ya kujiongezea: apokee magunia 80 kutoka kwa mzabuni, atie sahihi ya 100, kisha wagawane tofauti.