Mkanda wa gari na kanzu ya mzee

Ijumaa moja nilimchukua mzee mmoja Sinza, kanzu nyeupe pee, anawahi msikitini. Akakaa mbele, akafunga mkanda bila kuambiwa. Tulipofika akashuka, akajitazama, akanigeukia: "Kijana wangu, hii nini?" Kutoka begani mpaka kiunoni alikuwa na mstari wa kahawia. Hakugomba. Alilipa nauli yote, na hilo ndilo lililoniuma.

Gari langu ni IST, ndani rangi ya krimu, mikanda nayo krimu. Kila asubuhi nilikuwa nafuta dashibodi na kukung'uta mazulia, mkanda nausahau. Jasho la Dar, vumbi, losheni za abiria, vyote vinaishia pale.

Jioni ile nikapeleka gari kwa vijana wanaoosha. Wakaupiga mkanda maji ya presha, kisha wakauachia ukarudi ndani umelowa chapachapa. Siku ya nne gari likanuka kama nguo zilizolazwa kwenye beseni, na mkanda ukawa mzito kurudi. Kosa ni langu pia. Nilikuwa nimesimama palepale nakunywa soda.

Siku hizi naosha mwenyewe. Nauvuta taratibu mpaka mwisho, naubana karibu na pale unapotokea ili usirudi. Mwanzoni nilitumia kibanio cha nguo. Kiliponyoka kikanipiga kidevuni. Sasa natumia klampu ndogo ya seremala, nimeizungushia kitambaa isiumize nyuzi. Natandika taulo kwenye siti.

Maji vuguvugu lita 2, sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja, basi. Chovya sponji, ikamue, pitisha kwenye mkanda, halafu sugua kwa brashi laini kufuata urefu wake, pande zote mbili. Maji yangu ya kwanza yalitoka kama chai ya rangi. Ukimaliza futa kwa kitambaa chenye maji safi mara tatu hivi, maana sabuni ikibaki inanasa vumbi upya. Usiisahau ile pete ya juu begani mkanda unapopita: uchafu ukiganda pale, mkanda unarudi kivivu na watu wanadhani umeharibika.

Kukauka ndiko watu wanakokosea. Kamua kwa taulo kavu, uache umebanwa hivyohivyo usiku kucha, vioo vimeshushwa kidogo. Mimi huosha Jumamosi jioni kwa sababu Jumapili siendi barabarani. Ukiuwahisha kurudi ndani na unyevu, utavuna ukungu, na vyuma vya mle ndani vinaweza kushika kutu.

Mtu atakushauri dawa ya madoa yenye klorini, petroli, tina ya kuyeyushia rangi, au upake rangi ya nguo doa lisionekane. Kataa. Ule mkanda wa sentimita kama 5 ni nyuzi za poliesta zilizofumwa, ndizo zitakazokushika gari likigonga, na kemikali inaweza kuzidhoofisha huku mkanda unang'aa. Kifungio usikimwagie maji. Wala usifungue kava la nguzo ya gari pembeni mwa mlango, unapotokea mkanda, ili uufikie wote; kwenye magari mengi mle kuna kifaa cha kuukaza mkanda wakati wa ajali, kinachofyatuliwa na baruti kidogo.

Wakati unasugua, macho yawe kwenye kingo. Ukiona nyuzi zimekatika au ukingo umelika, acha kuosha, kabadilishe mkanda mzima. Usiushone. Ukishakauka uvute kwa kushtukiza: lazima ukabe. Kisha funga na kufungua mara mbili tatu.

Mkanda wa abiria wa mbele bado una doa la wino wa kalamu, karibu na kifungio. Nimesugua Jumamosi mbili halijatoka, nimeliacha. Halihamii kwenye nguo ya mtu.