Steki iliyokauka haichemshwi tena: jibu kwa mleta uzi wa Mwanga

Ndugu mleta uzi, zima jiko kwanza, kisha usome. Umeandika kwamba umebakiwa na beseni la steki ya ng'ombe iliyokaangwa hadi ikakauka kwenye shughuli ya hapo Mwanga mjini Kigoma, kwamba uliiweka kwenye friji jana mara tu watu walipomaliza kula, na kwamba sasa unakusudia kuipaka papai bichi na kuitia kwenye presha kuka kwa saa nzima "ili ilainike" kabla wageni wa jioni hawajafika. Haitalainika. Njia hiyo nimeipita mimi, hapa hapa Kigoma, mbele ya wakwe, na gharama yake bado naikumbuka.

Aliyenipotosha ni mpishi wa shughuli, ambaye jina lake nalisitiri kwa heshima ya watoto wake. Nyama ya mahari aliikausha mwenyewe huku akiongea na simu, na nilipomwonyesha vipande vigumu vilivyobaki, alinijibu kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipwa kwamba nyama ikikataa huongezewa moto. Kauli hiyo ni kweli kwa kongoro, mkia na shingo, na nadhani ndiyo maana watu huiamini kwa kila nyama. Vipande hivyo vina kolajeni nyingi, ile inayofanya kano ziwe ngumu, nayo ikikaa saa kadhaa katika maji ya moto huyeyuka na kutoa mchuzi mzito unaonata midomoni. Steki ya paja haina kolajeni ya kutosha kuyeyuka. Ilichonacho ni nyuzi za msuli, ambazo joto likishapita sentigredi 65 hivi hujikunja kwa nguvu na kuyatoa maji yake, na kadiri unavyoendelea kuipika ndivyo yanavyozidi kutoka. Wala usijifariji kwamba ikiwa ndani ya maji haiwezi kukauka, kwa maana sufuria yangu ilijaa maji hadi karibu na ukingo na nyama ikatoka humo kavu kuliko ilivyoingia.

Kuhusu papai, bwana yule alinielekeza niipake nyama na kuiacha kwa saa kadhaa kabla ya kuichemsha, nami nikatii. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachovunjavunja protini, lakini hakipenyi ndani ya kipande, na maji yakichemka nguvu yake huisha. Kwa hiyo nilipata nyama ambayo kwa nje ilikuwa utelezi wa kunata vidoleni, na kwa ndani ilibaki kamba ya katani ile ile. Baba mkwe alikitafuna kipande kimoja kwa muda ambao mama mkwe aliutumia kumaliza samaki mzima wa mgebuka, kisha akavuta uzi mrefu kutoka katikati ya meno, akaulaza pembeni mwa sahani kwa adabu, na kusema kwamba nyama ya huku ina msimamo. Nilicheka kuliko wote mezani, kwa sababu mimi ndiye niliyeilipia.

Hasara kubwa zaidi, ambayo sikuitambua siku ile, ilikuwa kumwaga maji niliyochemshia, wakati ladha yote iliyokuwa imebaki katika ile steki ilikuwa imehamia humo. Nilimwandalia mkwe makapi na nikawapa kuku mchuzi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: steki iliyoiva kupita kiasi haipikwi tena, bali hukatwa nyembamba na kupashwa ndani ya chakula kingine ambacho tayari kimeiva na kina mafuta na majimaji yake. Itoe kwenye friji ikiwa bado ya baridi, kwa sababu ikipata joto humeguka ovyo chini ya kisu. Itazame kwa makini uone nyuzi zimelala upande gani, kisha uzikate kwa kukingama, katika vipande vyembamba kadiri kisu chako kinavyoruhusu. Hapo ndipo ulaini unapopatikana, maana uzi mfupi hausumbui meno hata ukiwa mkavu. Sehemu zilizoungua ziondoe bila huruma, kwa kuwa uchungu wake utaenea chakula kizima.

Sisi watu wa Kigoma tuna bahati ya mawese na sombe, na sijui chakula kinachoipokea nyama ya namna hii vizuri zaidi. Sombe yenyewe ndiyo inayohitaji moto wa muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu na ni lazima yatwangwe na kuchemshwa vya kutosha, bila kufunika sufuria mwanzoni. Yakishaiva kabisa, tia kitunguu, nyanya chungu, karanga zilizosagwa na mawese, uache vichanganyike mpaka mafuta yaanze kuonekana juu. Nyama huingia mwisho. Koroga, acha sufuria ichemke kwa dakika chache hadi kila kipande kiwe cha moto kabisa, kisha ipua. Shirika la Afya Duniani linashauri kiporo kipashwe hadi joto lifike angalau sentigredi 70 ndani yake, na kipande chembamba hufika hapo upesi kikiwa ndani ya sombe inayochemka, jambo ambalo pande kubwa la nyama haliwezi. Chumvi onja kwanza kabla ya kuongeza, maana nyama iliyokauka hubaki na chumvi yake yote ikiwa imekolea.

Usiniambie kwamba utaiacha humo nusu saa "ili ikolee." Ikikaa nusu saa tumerudi kwa mpishi wangu.

Uliuliza pia kuhusu sambusa. Zinawezekana, mradi nyama itwangwe kwenye kinu na kuchanganywa na kitunguu kingi na viazi vilivyopondwa, lakini kukunja sambusa za watu wengi jioni hii hii ni kazi ambayo hujaniambia nani ataifanya. Lile la vyombo vya kuhifadhia watakujibu wengine.

Na kama umeandika uzi huku presha kuka iko tayari motoni, iondoe, uiache hadi mvuke wote utoke kabla ya kugusa kifuniko, suuza papai lililoganda juu ya nyama, na maji uliyochemshia usiyamwage. Yachuje, yachemshe yapungue, kisha uyatie kwenye sombe.