Maigizo ya muziki yaliyorekodiwa jukwaani: yanafaa sana kutazamwa sebuleni

Mkuu, umeuliza kama kuna faida ya kutazama kwenye runinga igizo la muziki lililorekodiwa ukumbini, maana ulijaribu moja ukasinzia kabla ya nusu. Faida ipo, tena kubwa. Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa hapa Moshi, na nauli ya kwenda London au New York kuona maigizo haya sina. Sebule ndiyo ukumbi wangu, na nimejifunzia mengi hapo.

Kwanza tutenganishe filamu na rekodi ya jukwaani. Wengi wetu tunaijua Sarafina! ya 1992, yenye Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg. Ile ni filamu. Igizo lenyewe la Mbongeni Ngema lilianzia Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Filamu inakutoa nje, unaona mitaa na vumbi lake. Rekodi ya jukwaani haikutoi popote: jukwaa ni lilelile, na mji, gereza au vita vinajengwa na taa, miili na sauti. Ukikaa ukisubiri mandhari yabadilike, lazima usinzie. Sikiliza kwanza, macho yatafuata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni onyesho la Les Misérables la kuadhimisha miaka 25, lililofanyika kwenye ukumbi wa O2, London, Oktoba 2010. Waigizaji wamevaa mavazi yao lakini wanaimba mbele ya maikrofoni, okestra iko nyuma yao, kwaya imepangwa juu. Hakuna kukimbizana. Kwa mtu wa kwaya ile ni shule: unaona wanavuta pumzi wapi, unaona kundi zima linavyoingia kwa sauti ya chini bila kuyumba. Mwishoni wanasimama wanaume wanne waliowahi kuigiza Valjean, mhusika mkuu, akiwemo Colm Wilkinson aliyemwigiza London mwaka 1985, wanapokezana wimbo wa sala. Sehemu hiyo mimi huirudia mara kwa mara kabla ya kwenda mazoezini.

Kuna jambo moja ndani yake ambalo lilinishika kabisa. Valjean, mfungwa aliyeiba mkate, anasamehewa na askofu, anaimba akiamua kubadilika. Baadaye sana Javert, askari anayemwinda, anaachwa hai na huyohuyo Valjean. Javert naye anaimba peke yake, kwa muziki uleule aliouimba Valjean. Mmoja amepokea rehema akawa mtu mpya, mwingine rehema imemshinda, anajiua. Hakuna anayekueleza hayo. Ni muziki unaokuambia. Ndiyo maana nasema simu ziwekwe mbali. Ukisimamisha kila dakika chache kujibu ujumbe, ule muziki ukirudi hutautambua.

Mama yangu Kiingereza hakijui. Kabla ya kila sehemu namsimulia kisa kwa ufupi, kisha nanyamaza. Alimfuata Javert mpaka mwisho, akauliza, "Huyu hana ndugu wa kumwambia basi, inatosha?" Tukakaa tukizungumza habari za Javert mpaka usiku. Kwa hiyo hata wewe unayekijua Kiingereza, soma kisa kwanza. Maneno ya kuimbwa hayashikiki kirahisi, na kama kuna maandishi ya chini, yawashe.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Runinga hizi bapa spika zake mara nyingi ziko nyuma au chini, sauti inagonga ukuta na maneno yanafifia. Unganisha sabufa, lakini punguza besi kuliko unavyoiweka kwa bongo fleva, na usiibane kwenye kona ya chumba, maana kona inaikuza besi ikafunika waimbaji.

Mapumziko nayo yana mahali pake. Mengi ya maigizo haya yana sehemu mbili, na ya kwanza hufungwa na wimbo mzito. Simamisha hapo, chemsha chai, rudini.

Kamera kweli inakuchagulia cha kuona, na hilo ni hasara: mchezaji wa pembeni unaweza usimwone kabisa. Ila inalipa kwa njia nyingine. Hamilton, igizo la Marekani linaloimbwa sana kwa kurap, ilirekodiwa Juni 2016, Richard Rodgers Theatre, New York, na baadhi ya picha za karibu zilichukuliwa bila watazamaji, kamera ikiwa juu ya jukwaa. Jasho na machozi unayaona kuliko aliyelipia kiti cha mbele.

Ukipenda kwaya anza na Les Misérables. Ukipenda kurap, Hamilton. Cats ya 1998, igizo la paka wanaoimba na kucheza, kisa chake ni chembamba, mtu mzima mgeni anaweza kuchoka, lakini wape watoto. Wangu husogeza meza wenyewe wapate nafasi ya kucheza.