Ruta ya mfukoni ya kujitengenezea: anza na umeme, Linux baadaye

Nisikufiche: kama unachotaka ni intaneti ya kuperuzi kwenye daladala kutoka Mbezi mpaka Posta, washa hotspoti ya simu yako, mambo yaishe. Ruta ya kujitengenezea inamfaa mtu anayetaka kujua bando lake linaliwa na nani. Nyumbani kwetu Tabata tuko wengi, na bando likiisha kila mmoja anaapa kwamba hajafungua kitu.

Vifaa ni vichache: Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja, hapa naiita Pi), ambayo ina waifai yake ndani, modemu ya USB ya 4G, memori kadi na pawabenki. Modemu zipo Kariakoo. Muulize muuzaji kama inakubali laini zote, kisha aijaribu na laini yako palepale kaunta kabla hujatoa hela. Za Huawei aina ya HiLink ndizo rahisi zaidi: ukichomeka, Linux (mfumo endeshi wa Pi) inaiona kama kadi ya mtandao, na mipangilio yake unaifungua kwenye 192.168.8.1. Baadhi ya zile za zamani hujitambulisha kwanza kama sidii (CD) badala ya modemu, kwa hiyo utahitaji programu ya usb_modeswitch. PIN ya laini itoe mapema ukiwa kwenye simu.

Sasa umeme. Hapa ndipo watu wanapokwama halafu wanaisingizia Linux. Pi 3 inataka volti 5.1 na ampea 2.5, na modemu ikiwa inahangaika na mnara wa mbali huvuta umeme kwa mikupuo. Pawabenki inaweza kuandikwa 20000 mAh (ujazo wake) ubavuni huku tundu lake likitoa ampea 1 tu. Soma maandishi ya kwenye tundu. Hata pawabenki nzuri itakuangusha ukitumia waya mrefu mwembamba. Utaona modemu inapotea na kurudi, na taa nyekundu ya Pi inazimazima. Kwenye dirisha la amri la Pi (terminal) andika `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu 0x0 uko salama; ikijibu 0x50005, umeme hautoshi muda huohuo. Tafuta waya mfupi, mnene, kabla hujagusa programu yoyote. Kitu kingine: chomeka chaja kwenye pawabenki huku Pi inawaka. Kuna pawabenki zinazokata kidogo hapo, na Pi inazima. Hiyo mrudishie muuzaji.

Programu siyo kazi kubwa siku hizi. Raspberry Pi OS tangu toleo la 2023 inatumia NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na hostapd na iptables (za kurusha waifai na kugawa intaneti) kwa mkono. Weka nchi iwe TZ kwenye raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi), la sivyo waifai haiwaki, kisha:

`sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 ssid Tabata password nenolako123`

`sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes`

Amri ya pili usiiruke. Bila hiyo, ukiwasha kesho hotspoti haitajiwasha yenyewe.

Halafu ule utamu wenyewe. Weka programu ya vnstat ihesabu matumizi ya kila siku, na bando likianza kuyeyuka fungua `sudo iftop -i wlan0` uone ni kifaa gani kinavuta. Kwetu iliumbuka laptopu ya shemeji: mwenyewe kalala, mashine inajishushia masasisho. Tunga faili ndani ya /etc/NetworkManager/dnsmasq-shared.d/ na uandike `address=/jina-la-seva/` (weka jina la seva ya masasisho unayotaka kuizuia), kisha zima na kuwasha hotspoti; seva hiyo haitapatikana tena. Ila iachie usiku ukiwa na bando la usiku, maana kompyuta isiyosasishwa ni mwaliko kwa virusi. Simu zenye DNS ya siri, yaani zinazouliza anwani za seva kwa njia iliyofichwa bila kupitia Pi, zitalipita zuio hili, usishangae.

Mwisho, memori kadi. Kuchomoa waya bila kuzima Pi vizuri kunaweza kuiharibu kadi hiyo. raspi-config ina overlay, yaani kinga inayoizuia Pi isiandike chochote kwenye kadi, lakini ukiiwasha, hesabu za vnstat zinafutika kila ukizima. Mimi nazihitaji hesabu zangu, kwa hiyo nimeiacha bila overlay na nimenakili kadi nzima kwenye kadi ya akiba inayokaa kwenye pochi.