Kwa nini walikataa kufuta kodi ya chakula?

SWALI: Mwanangu anaishi Sioux Falls, jimbo la South Dakota, Marekani. Anasema kule ukinunua mchele na mayai dukani unakatwa kodi, na mwaka 2024 wananchi walipigia kura pendekezo la kuifuta, wakalikataa wenyewe. Binadamu gani anakataa kupunguziwa bei ya chakula? Na sisi wauza dagaa huku, kodi hiyo tunayo?
Muuza dagaa, Ujiji, Kigoma

JIBU: Shikamoo, mama. Mwanao kasema kweli. Kura ilipigwa Novemba 5, 2024, na zaidi ya theluthi mbili walisema hapana. Kodi ya mauzo ya jimbo ilikuwa asilimia 4.2, na mji huongeza yake juu.

Si kwamba wanaipenda. Pendekezo liliandikwa vibaya. Halikuishia kwenye chakula; lilitaja kitu chochote kinachouzwa kwa matumizi ya binadamu, isipokuwa pombe na chakula kilichoandaliwa tayari. Wapinzani wakauliza: sigara je? Dawa ya kusukutua mdomo? Tena jimbo lile halitozi watu kodi ya mapato, hivyo wengi waliogopa pengo litazibwa kwa kodi nyingine. Inaniuma, kwa sababu nia ilikuwa njema: mwenye kipato kidogo hela yake karibu yote huishia kwenye chakula, na kodi hiyo humuumiza kuliko tajiri. Lakini hata mimi ningesita kupigia kura maneno mapana kiasi kile.

Huku kwetu Tanzania VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, ila sheria ya mwaka 2014 imeorodhesha vilivyosamehewa, wakiwemo samaki ambao hawajasindikwa. Kuanika na kutia chumvi tu hakuhesabiwi kuwa usindikaji. Kwa hiyo dagaa wako wa mwalo wa Kibirizi hawana VAT, hata wakianikwa. Sukari na soda zinatozwa.

Usidhani umepona yote, mama. Vocha unayoweka kuwapigia wateja wa Dar ina VAT ndani yake, na anayeuza bidhaa iliyosamehewa harejeshewi kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Hiyo unaibeba wewe, au inaingia kwenye bei ya dagaa.

Ushuru wa mwaloni ni wa halmashauri, jambo jingine kabisa. Mtu akikudai pesa mwaloni akasema ni VAT ya dagaa, mwambie akupe risiti kwanza, muisome pamoja.