Wasomaji Wanauliza: Skii Pana na Nyepesi kwa Theluji Nene

SWALI: Ndugu Mhariri, skii ninazopandia milima, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zina kiuno (upana wa katikati) cha milimita 88, nazo hunifaa sana theluji inapokuwa imeshikana. Theluji ikiwa mpya, laini kama unga na ya kufika magotini, ncha huzama na mapaja huniwaka kabla sijamaliza nusu ya mteremko. Rafiki yangu mmoja anasema ninunue za milimita 118, mwingine anasema uzito wake utanichosha nisifike kileleni. Kwa kuwa kila mita ninayoteremka nimeipanda kwa miguu yangu, nichague upana na wepesi wa kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki zako wote wawili wana hoja, ila yule wa milimita 118 anamshauri mtu anayepandishwa mlimani na mashine. Kwako wewe ningependekeza kiuno cha kati ya milimita 102 na 110, na uzito wa gramu 1,500 hadi 1,750 kwa kila skii yenye urefu wa takriban sentimita 180.

Upana hauleti faida kubwa kama wengi wanavyodhani. Skii yako ya sasa, ukijumlisha ncha, kiuno na mkia, huenda ina upana wa wastani wa milimita 102, yaani kwa urefu wa sentimita 180 inakalia theluji kwa eneo la sentimita za mraba 1,840 hivi. Ukienda kwenye kiuno cha milimita 108, wastani huwa karibu milimita 121 na eneo linafika 2,180, ambalo ni ongezeko la karibu asilimia 19, na hilo utalihisi tangu kona ya kwanza. Ukitoka hapo kwenda milimita 118, unaongeza asilimia 7 tu, lakini unabeba mbao zaidi, ngozi za kupandia (tepe zinazobandikwa chini ya skii ili isirudi nyuma) zilizo pana zaidi na mara nyingi kifungo cha kushikia kiatu chenye breki kubwa zaidi, ile inayoizuia skii isikimbie inapochomoka.

Kinachoielesha skii kuliko upana ni umbo lake. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ilitoa skii iliyoitwa Spatula, iliyobuniwa na mtelezaji Shane McConkey, ambayo ilipinda juu mbele na nyuma na kuwa pana zaidi katikati kuliko kwenye ncha, kinyume cha skii zote zilizozoeleka. Watu waliicheka kwanza, kisha viwanda karibu vyote vikaiga wazo la kuinua ncha. Ncha iliyoinuka mapema hupanda juu ya theluji kama omo ya mashua inavyopanda wimbi, kwa hiyo huhitaji kuegemea nyuma, na kule kuegemea nyuma ndiko hasa kunakoyawasha mapaja yako. Hata hivyo, anayepanda kwa miguu asiige Spatula yote. Skii iliyopinda kama ndizi hugusa njia ngumu kwa sehemu fupi tu ya katikati, ngozi inakosa mahali pa kushika, na unaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Tafuta skii yenye ncha iliyoinuka vizuri, tao dogo chini ya kiatu, na mkia ulionyooka au ulioinuka kidogo tu, ambao pia unaweza kuuchomeka kwenye theluji unapopumzika.

Kuhusu uzito, fikiria mlima wa kupanda mita 1,000 kwenda juu kwa njia yenye mwinamo wa nyuzi 15. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilomita 3.9, nazo ni hatua zaidi ya 5,000. Skii haiinuliwi, husukumwa mbele ikiteleza juu ya theluji, lakini unapogeuka kwenye kona kali za njia ya kupandia ni lazima uinyanyue na kuizungusha kwa mguu mmoja, na hapo kila gramu 300 za ziada hujitangaza. Skii pana ina kero nyingine ambayo wauzaji hawaitaji sana: unapokatiza mlima kwa ubavu juu ya theluji iliyoganda, ukingo wa chuma huwa mbali na mstari wa katikati ya mguu, na kifundo hulazimika kupigana na mbao inayotaka kulala bapa.

Pamoja na hayo, usikimbilie skii nyepesi kuliko zote dukani. Wepesi huo hupatikana kwa kiini cha mti wa paulownia na nyuzi za kaboni, ambavyo katika theluji laini havina tatizo lolote. Theluji laini, hata hivyo, haianzii kileleni na kuishia mlangoni. Kuna ukoko uliotengenezwa na upepo, kuna mabonge yaliyoganda msituni, na huko skii pana ya gramu 1,300 hurushwa huku na huku, ikipeleka kila mtikisiko moja kwa moja kwenye magoti. Binafsi, kwa kiuno cha zaidi ya milimita 100 sishuki chini ya gramu 1,400.

Uzito uupunguze kwenye vifungo. Vifungo vya pini, vinavyoshika kiatu kwa pini ndogo za chuma na ambavyo asili yake ni ubunifu wa Mwaustria Fritz Barthel wa miaka ya 1980, siku hizi vingi vina gramu 300 hadi 600, na hakikisha breki zake zina upana uliolingana na kiuno au uliozidi kidogo. Viatu navyo viwe imara kiasi cha kuigeuza mbao pana, kwani kiatu laini cha mashindano hakitaweza. Jambo dogo ambalo wachache hulizingatia ni rangi: uso mweusi hupata joto la jua, theluji iliyo juu yake huyeyuka kisha huganda, nawe unajikuta unavuta barafu juu ya skii uliyoilipia ili iwe nyepesi.

Gramu unazookoa zisitoke kwenye mkoba. Theluji mpya na nene ndiyo huleta hatari kubwa ya maporomoko, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hivyo kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi, fimbo ndefu ya kuchunguzia na koleo haviachwi nyumbani.

SWALI: Nimehamia kutoka skii za milimita 90 hadi za 106. Je, ngozi zangu za zamani zitafaa?

JIBU: Zitakupandisha kwenye njia iliyonyooka na laini, lakini ukikatiza mlima kwa ubavu, sehemu ya chini iliyoachwa wazi itateleza, na hapo ndipo unapohitaji mshiko zaidi. Nunua zilizo pana kuliko sehemu pana zaidi ya skii, kisha uzikate kufuata umbo lake, ukiacha kingo za chuma wazi kwa takriban milimita 2 kila upande. Za moheri tupu (manyoya ya mbuzi wa Angora) huteleza vizuri na ni nyepesi, za nailoni hushika zaidi na hudumu. Kwa skii pana ningechukua mchanganyiko wenye moheri nyingi, kwa kuwa ngozi pana tayari ina mshiko wa kutosha na kinachokosekana ni mtelezo.