Maswali ya wiki: kichocho mwaloni, "UTI sugu" na sindano za jalalani

Meseji nyingi wiki hii zimetoka mwaloni, kule mitumbwi inaposhushia samaki ziwani, na kwa wazazi wenye mabinti. Zile za "sista ninywe dawa gani" bila umri, bila kusema umepima nini, nimeziacha. Nishasema sana, dawa haziandikwi kwa kubahatisha.

*Shikamoo sista. Nashusha dagaa Igombe. Mwaka jana nilimeza dawa za kichocho, juzi nimepima choo wamekuta tena. Walinipa dawa feki?*

Marahaba mdogo wangu. Kukuta tena haimaanishi ulipewa feki. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki, na haikukingi usipate upya. Sasa wewe alfajiri uko ndani ya maji mpaka magotini, beseni kichwani, mtumbwi huu ukiisha unafuata ule, ukimaliza unaoga humohumo na kufua humohumo. Vijidudu vinatoka kwenye konokono vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda, wala si lazima uyanywe hayo maji. Meza tena, ila ule ushibe kwanza, maana tumbo tupu litakupa kizunguzungu. Mabuti ya mpira ukiyapata vaa. Maji ya kuogea chota, yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku 2 ndo uoge, vijidudu vinakuwa vimekufa.

Na hapa niseme lingine ambalo hukuniuliza. Dawa za kichocho zinagawiwa mashuleni, watoto wanasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu wanapewa vidonge, vizuri kabisa. Je yule wa miaka 15 aliyeacha shule anavuta nyavu, au binti anayeanika dagaa mchangani tangu asubuhi, nani anawapima? Timu inafika mwaloni saa nne asubuhi, waliokesha ziwani wamelala, wengine wako kambini visiwani, inaandikwa watu hawakujitokeza. Jamani njooni mbalamwezi! Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, watu wako nchi kavu wanashona nyavu na muda wanao. Hawa ndo wanaotulisha, ratiba ifuate mwezi wao.

*Enaji tatu kwa usiku ni sawa? Naendesha boda.*

Hapana. Ukisinzia paki ulale, na abiria wako avae helmeti.

*Mdogo wangu ana miaka 17, tumekulia Misungwi. Anatoka damu kidogo ukeni, tumbo la chini linauma. Duka la dawa wamesema UTI sugu, kashachomwa sindano mara 3. Mama anamsema ni malaya.*

Mwambieni mama aache, leo hii. UTI sugu, UTI sugu, kila siku naletewa hii UTI sugu na ukiuliza mkojo ulipimwa wapi hakuna! Antibayotiki zinamezwa kama karanga, siku ukizihitaji kweli hazifanyi kazi. Waliokulia kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya maji ya huko wanapata kichocho cha mkojo, na mayai yake yanaweza kukwama kwenye uke na mlango wa kizazi, yakaleta maumivu na damu hata kama binti hajawahi kukutana na mwanaume. Mara nyingi kinadhaniwa ni ugonjwa wa zinaa, na kikiachwa kinampa hatari zaidi ya kupata VVU. Mpeleke kituo cha afya, akatoe mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda huo ndo mayai yanatoka kwa wingi. Hata mkojo ukiwa safi aombe aangaliwe mlango wa kizazi, mwambieni daktari waziwazi alikuwa anaoga wapi utotoni. Zinaa nayo apimwe, bila matusi.

*Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inaua uzazi? Binti yangu ana 13.*

Haiui. Nchini inatolewa tangu 2018, na toka 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwahiyo muda wako unaisha. Mpeleke.

*Nina miaka 16, naweza kupima VVU bila mzazi?*

Ndiyo. Sheria ilibadilishwa 2019, ukiwa na 15 unaruhusiwa.

*Sista nazoa taka hapa mjini, jana sindano imenichoma kidole kupitia kiroba. Nimekamua damu nikapaka spiriti, inatosha?*

Haitoshi, na siku nyingine usikamue, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndo bora, unameza siku 28 bila kuruka. Uliza na homa ya ini B, chanjo yake ni dozi 3 na kila mzoa taka anastahili kuipata kabla hajashika kiroba, pamoja na glovu ngumu, siyo zile nyepesi za hospitali. Na nyie mnaochoma watu sindano majumbani mnatupa kwenye viroba, mnamuumiza huyu. Ndugu yangu tangu jana saa zinakwenda, nenda kituo cha afya sasa hivi, ukitoka ndo unijibu.